Hugo van Lawick: Mpigapicha aliyewatetea mbwa mwitu wa Serengeti

Hugo van Lawick, Mholanzi aliyezaliwa Surabaya, Indonesia, mwaka 1937, aliishi kwenye mahema Serengeti miaka mingi, kamera mkononi. Mwaka 1964 alimuoa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe.

Enzi hizo mbwa mwitu hakuwa na mtetezi. Sehemu nyingi za Afrika alipigwa risasi kama mharibifu tu. Hugo yeye akakaa nao, akawafuata mawindoni hadi kwenye mashimo wanakozalia. Picha zake zilionyesha kundi zima likilea watoto pamoja, na wanaotoka kuwinda wakiwatapikia nyama waliobaki nyumbani.

Kisa cha Solo, mtoto jike aliyebaki peke yake baada ya ndugu zake kuuawa na jike mkubwa wa kundi, kilitoka kwenye kitabu miaka ya 1970. Wengi wakaanza kuwaonea huruma.

Pigo likaja 1991: mbwa mwitu wakatoweka kwenye mbuga za Serengeti. Kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao mbwa wa vijijini nao huubeba, kilitajwa kati ya sababu. Mwaka 1996 kampeni ya kuchanja mbwa wa kufugwa ikaanza wilayani Serengeti.

Hugo alifariki Dar es Salaam Juni 2002, kabla ya kuona wakirudishwa. Mwaka 2012 TAWIRI na TANAPA walianza kuwahamisha kutoka Loliondo kwenda magharibi mwa hifadhi.

Kwa hiyo anayefuga mbwa Mugumu au Tarime, akimpeleka kuchanjwa, anawalinda wanawe na mbwa mwitu pia.