Mariama Bâ: mwalimu wa Dakar aliyeandika siri za nyumba

Wasomaji wetu, leo tunawapeleka mbali kidogo, Dakar, mu Senegal. Wengi wenu mulisoma Une si longue lettre ku masomo, ao watoto wenu wanaisoma sasa, na pengine kitu mulichobakia nacho ni maulizo ya mwalimu tu. Mama aliyeiandika hatumujui sana. Jina lake ni Mariama Bâ. Alikufa mwaka wa 1981, na mu maisha yake yote aliandika roman mbili, basi.

Alizaliwa Dakar mwaka wa 1929, mu jamaa ya Waislamu. Mama yake alikufa angali mutoto mudogo, akalelewa na kambo zake, wazazi wa mama. Ilikuwa nyumba ya desturi kweli: binti anajifunza kupika, kufua, kupokea wageni, na kusoma Kurani. Wazee wale hawakuona faida ya kumusomesha mbali. Kwa mawazo yao, binti akijua kazi ya nyumba na kusali, anangojea bwana, imetosha. Baba yake, Amadou Bâ, alikataa. Alikuwa mutumishi wa serikali, baadaye akakuwa waziri wa afya, na alishikilia kwa nguvu kama mutoto wake aende ku masomo ya Kifransa. Bila ugomvi ule wa baba na wazee, hatungekuwa na kitu cha kuwaelezea leo.

Mwaka wa 1943 Mariama alifanya examen ya kuingia École normale ya Rufisque, karibu na Dakar, pale walipofundisha wasichana kuwa walimu. Wasichana walitoka mu inchi zote za Afrika ya Magharibi zilizokuwa chini ya Ufaransa. Yeye akakuwa wa kwanza, akawapita wote. Alikuwa na miaka 14. Mwaka wa 1947 akatoka na diploma, akafundisha miaka 12. Kisha afya ikaanza kumusumbua, wakamuhamisha ku biro ya inspection ya masomo.

Aliolewa mara tatu. Bwana wa mwisho, Obèye Diop, alikuwa mutu wa siasa. Ndoa hiyo nayo ilivunjika, na Mariama alikuwa mama wa watoto tisa. Hatusemi hivi kwa kusengenya. Ni kwa sababu watu wengi walisema kama roman yake ni maisha yake mwenyewe, alibadilisha tu majina. Si vile, tutaona.

Mu miaka ya 1970 alikuwa mu vikundi vya wanamuke wa Dakar, akiongea juu ya ndoa, talaka na masomo ya wasichana. Rafiki yake Annette Mbaye d'Erneville, mwandishi wa habari, alimusukuma aandike. Mwaka wa 1979 kitabu kikatoka ku Nouvelles Éditions Africaines. Mwandishi alikuwa na miaka 50.

Ndani ya kitabu, Ramatoulaye, mwalimu, ameshakuwa mujane. Yuko mu kilio cha miezi minne na siku kumi, kama dini inavyotaka, na anamwandikia barua rafiki yake Aïssatou. Bwana yake Modou alikuwa mwanasheria na mutu wa sendika. Alitetea wafanyakazi vizuri sana. (Tunawajua wanaume wa namna hii: ku mukutano wa wafanyakazi midomo yao ni moto, pa nyumba hawasemi neno.) Kisha miaka 25 ya ndoa na watoto 12, Modou akamuoa Binetou, msichana aliyesoma kalasi moja na binti yao Daba. Hakumwambia bibi yake. Alituma kaka yake, rafiki yake na imamu, siku ndoa ilipokwisha kufungwa. Tangu pale hakurudia tena pa nyumba.

Akafa. Na hapa tunaomba bamama na bababa wa cité zetu wasome polepole. Siku jamaa walipokusanyika kufungua siri za marehemu, kama dini inavyoagiza, Ramatoulaye akajua kitu ambacho hakukuwa amekijua. Villa ya bibi mudogo Modou aliinunua na deni la banki, na ili banki ikubali, aliweka rehani nyumba ya bibi mukubwa. Nyumba ile waliijenga wote wawili, franga za mwalimu na franga za mwanasheria. Lakini karatasi ilikuwa na jina moja tu, la bwana. Mwanamuke alilala miaka mingi mu nyumba ambayo banki ingeweza kuichukua, na hakujua.

Ni nani kati yetu hajaona mambo hayo? Baba anakufa ku mugodi, mbele kilio kimalizike jamaa yake wanauliza funguo na karatasi za nyumba, na mama anatafuta jina lake mu ile karatasi, haliko. Mariama Bâ hakutuandikia sheria. Alionyesha tu kama mapendo nayo yanapita mu karatasi na mu deni, na mutu anaweza kudanganywa pale bila kupigwa hata kofi moja.

Siku 40 kisha kifo, kaka ya Modou akaja kumurithi mujane, kama vile anachukua kiti cha marehemu. Ramatoulaye, aliyenyamaza miaka 30, akamufukuza kwa maneno makali.

Aïssatou alipita njia nyingine. Baba yake alikuwa fundi wa zahabu, na mama mukwe, aliyejiona wa ukoo wa wakubwa, hakumukubali hata siku moja. Alimulea msichana wa jamaa yake, akamupa mwana wake, munganga Mawdo, amuoe. Aïssatou akachukua watoto wake wane, akatoka. Akasoma tena, akakuwa mutafsiri ku ubalozi wa Senegal mu Marekani. Ni yeye aliyemununulia Ramatoulaye motokari, aliposikia kama anapanda bisi na watoto.

Sasa angalieni. Mwandishi mwenyewe aliachana na bwana. Kama angetaka kujisifu, angempa Aïssatou kitabu chote. Lakini alimupa sauti yule aliyebakia mu ndoa, na hakumucheka. Sisi tunaona hii ndiyo nguvu yake kubwa. Na wanaume wote hakuwaweka mu gunia moja: bwana ya Daba anapika wali pa nyumba na haoni haya.

Mwaka wa 1980, mu Frankfurt, Ujerumani, kitabu kilipata zawadi ya Noma, ya waandishi wa Afrika. Ilikuwa mara ya kwanza zawadi ile itolewe, na aliyeipata ni mama huyu wa kitabu kimoja. Lakini kansere ilikuwa imeshamushika. Alikufa Dakar mwezi wa 8, 1981. Roman ya pili, Un chant écarlate, ilitoka akiwa kaburini: Ousmane wa Dakar anamuoa Mireille, binti ya muzungu wa ubalozi wa Ufaransa, kisha anachukua bibi mwingine kwa siri, na Mireille anapoteza akili mupaka anaua mutoto wake. Ni kitabu kichungu kuliko cha kwanza, na ku masomo wanakisahau.

Ku kisiwa cha Gorée, mbele ya Dakar, kuko leo masomo ya wasichana yenye jina lake. Wanaingia kwa examen, wale wa kwanza tu.