Elijah Masinde na Kuta za Mathari

Abiria atokaye Thika au Ruiru kwenda Nairobi huipita hospitali ya Mathari kabla ya kuingia mjini. Humo ndimo serikali ya kikoloni ilimofungia Elijah Masinde mwaka 1945, ikidai kwamba ana wazimu.

Marehemu Masinde alikuwa Mbukusu wa Kimilili. Wapenzi wa kandanda walimfahamu kwanza uwanjani, kwani aliichezea Kenya katika Kombe la Gossage mwaka 1930. Baadaye akawa kiongozi wa Dini ya Msambwa, akawahimiza watu wairudie ibada ya wahenga wao na kuwataka Wazungu warudi kwao.

Siku hizo Mathari iliongozwa na Dakta J. C. Carothers, ambaye baadaye aliandika kwamba Mwafrika huitumia kidogo tu sehemu ya mbele ya ubongo wake. Je, mwenye imani hiyo angeyapimaje maneno ya Mwafrika aliyeletwa kwake?

Masinde aliachiliwa mwaka 1947, akaendelea na yale yale. Mwaka 1948 alikamatwa tena, akahamishiwa Lamu. Alifariki mwaka 1987.

Leo mgonjwa wa skizofrenia hupewa dawa, na pamoja nazo huweza kutibiwa kwa mazungumzo: daktari humwuliza sauti azisikiazo zinasema nini, wakazipima hofu zake pamoja. Dawa haiachwi. Lakini tiba hiyo yataka sikio linalomheshimu msemaji. Likikosekana, hata kudai haki huandikwa kuwa ni maradhi.