Papa Simon Kimbangu: Neno Lake na Maisha Yake



Tunawakumbusha maisha ya Papa Simon Kimbangu, kwa faida yetu sisi tunaosimama mbele ya watu kuhubiri na kushuhudia.

Alizaliwa Nkamba, katika Kongo ya Chini, mwaka wa 1887. Mwaka wa 1915 alibatizwa pamoja na Mama Mwilu Marie katika misioni ya Wabatisti, kisha akawa mwalimu wa dini. Mwito wa Mungu ulipomjia aliukimbia mpaka Kinshasa, lakini haukumwacha. Tarehe 6 Aprili 1921, huko Ngombe-Kinsuka, alimwekea mama mgonjwa mikono kwa jina la Yesu, naye akapona.

Watu wakamiminika Nkamba, wakiacha mashamba na kazi za wazungu. Kwa nini walimsikiliza? Hakuwa na cheo wala masomo makubwa. Lakini aliyoyahubiri aliyaishi. Alifundisha mume awe na mke mmoja, na yeye mwenyewe alikuwa na Mama Mwilu peke yake.

Mwezi wa Juni askari walikuja kumkamata, akawaponyoka. Mwezi wa Septemba alirudi Nkamba kwa hiari yake, akajitoa mikononi mwao, akikataza watu wake wasipigane. Huko Thysville, ndiyo Mbanza-Ngungu, alihukumiwa na mahakama ya kijeshi, bila wakili. Kugeuza maneno kungaliweza kumwokoa. Hakukana kwamba Kristo ndiye aliyemtuma. Tarehe 3 Oktoba 1921 wakamhukumu fimbo 120 na kifo. Mfalme Albert wa Ubelgiji akaibadili hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha.

Akaletwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, akafa gerezani tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Miaka hiyo yote hakusimama tena mbele ya makutano, lakini neno lake halikunyamaza. Tarehe 24 Desemba 1959 serikali ililitambua Kanisa.

Na sisi je? Mara nyingine tunaongeza chumvi katika ushuhuda ili watu wapige makofi. Tunahubiri upendo, na jirani hatumsalimu. Sauti kubwa haifuniki uongo; watoto wetu nyumbani wanatujua. Kabla ya kusimama mbele ya waamini, tujiulize kama neno letu lingebaki lilelile mbele ya waamuzi wa Thysville.

Upendo, amri na kazi: tuviishi kwanza, kisha tuviseme. Amina.