David Livingstone: Mskoti Aliyerudishwa Mabegani mwa Waafrika

Mhujaji anayetoka Manzese kwenda Bagamoyo, akifika kwenye misheni kongwe ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, huonyeshwa mnara wa kanisa la kwanza. Watu huuita Mnara wa Livingstone. Wengi hushangaa. Livingstone hakuwa Mkatoliki, na siku alipofika hapo alikuwa maiti. Imekuwaje jina lake likabaki kwenye kanisa letu?

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Uskoti, kando ya mto Clyde. Ukoo wa baba yake ulitoka kisiwa cha Ulva, kwa Waselti wasemao Kigaeli, naye alijivunia asili hiyo maisha yake yote. Baba wa babu yake aliuawa katika vita vya Culloden mwaka 1746. Babu yake alikuwa hodari wa kusimulia habari za wazee, na David akakua akizisikiliza.

Simulizi mbili za ukoo aliziandika yeye mwenyewe alipokuwa mtu mzima. Ya kwanza ni ya mzee aliyekuwa karibu kufa, akawakusanya wanawe. Aliwaambia kwamba amechunguza habari za ukoo wote wala hakumkuta mtu asiye mwaminifu. Kwa hiyo atakayekuwa mdanganyifu kati yao asisingizie damu. Akawausia wawe waaminifu. Ya pili inatugusa sisi Wakatoliki. Wazee wake walikuwa Wakatoliki, wakageuzwa Waprotestanti na bwana wa ardhi aliyewajia akiwa na mtu mwenye fimbo ya njano. Kwa miaka mingi baadaye dini hiyo mpya iliitwa dini ya fimbo ya njano. Livingstone alikuwa Mprotestanti wa moyo wote, lakini jambo hilo hakulificha.

Nyumbani kwao walikuwa maskini. Familia nzima iliishi katika chumba kimoja. Akiwa na umri wa miaka 10 aliajiriwa katika kiwanda cha nyuzi za pamba, kazi ya kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Kutoka hapo alikwenda shule ya jioni. Sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunulia kitabu cha sarufi ya Kilatini, akawa anakiegemeza kwenye mashine na kusoma sentensi mojamoja akipita. Mseminari anayelalamikia Kilatini amkumbuke mtoto huyo.

Alisomea udaktari na teolojia, akajiunga na Shirika la Kimisionari la London. Alitamani kwenda China, lakini vita vikafunga njia hiyo. Mwaka 1841 akafika Afrika ya Kusini, na mwaka 1845 akamwoa Mary, binti wa mmisionari Robert Moffat. Kabla ya hapo, mwaka 1844, simba alimrarua na kumvunja mfupa wa mkono wa kushoto karibu na bega. Mfupa huo tutaukuta tena.

Kati ya Wabakwena alikuwapo mtemi Sechele, aliyependa kusoma Biblia. Sechele aliona mahubiri matupu hayatafika mbali. Akajitolea kuwaita wakuu wake wawachape watu kwa mijeledi ya ngozi ya kifaru mpaka waamini wote. Livingstone alikataa. Mjukuu wa watu walioletewa dini kwa fimbo hakutaka kuileta dini kwa mjeledi. Sechele alibatizwa mwaka 1848, lakini muda mfupi baadaye alimrudia mmoja wa wake aliokuwa amewaacha, akazuiwa Meza ya Bwana. Livingstone alivunjika moyo. Hata hivyo Sechele aliendelea kusali na kuwafundisha watu wake kwa miaka mingi baada ya mgeni huyo kuondoka.

Kisha zikaanza safari kubwa. Mwaka 1854 alifika Luanda, pwani ya Atlantiki, pamoja na Wakololo 27, akiwa mgonjwa sana. Askofu Mkatoliki wa Angola alimtendea wema, na katika nchi hiyo Livingstone alisifu kazi ya Wajesuiti wa zamani waliowaachia watu elimu ya kusoma na kuandika. Angeweza kupanda meli arudi Uingereza. Lakini alikuwa ameahidi kuwarudisha wenzake kwao, akageuka nao kwa miguu. Mwaka 1855 aliyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, akayapa jina la Malkia Victoria, na mwaka 1856 akatokea Quelimane, Bahari ya Hindi. Kundi la pili la Wakololo aliliacha Tete kwa ahadi kwamba atarudi, na mwaka 1858 akarudi. Wosia wa Ulva ulikuwa hai.

Haifai kumfanya malaika. Mke na watoto aliwapitisha katika jangwa la Kalahari, na mwaka 1850 mtoto wao mchanga akafariki. Mwaka 1852 aliwapeleka Uingereza, wakaishi maisha ya dhiki bila yeye. Mary alimfuata Zambezi, akafa huko Shupanga mwezi Aprili 1862. Msafara wenyewe ulishindwa, na wenzake Wazungu walimwona mkali na mgumu wa kushauriwa. Ila ni katika miaka hiyo, mwaka 1861, yeye na wenzake walikutana na msafara wa watumwa, wakawakata makongwa shingoni watu 84. Mmoja wao alikuwa kijana Myao aitwaye Chuma.

Mwaka 1866 alitoka Zanzibar akaingia bara kwa njia ya Ruvuma, kutafuta chanzo cha mto Nile. Chuma alikuwa naye, pamoja na Susi wa Shupanga. Dawa ziliibwa, meno yakamng'oka, akalazimika kula na kuuguzwa na wafanyabiashara walewale wa utumwa aliowapinga. Mwezi Julai 1871, huko Nyangwe kando ya mto Lualaba, alishuhudia watu wao wakiwapiga risasi mamia ya watu sokoni, wengi wao wanawake. Alirudi Ujiji amechoka roho na mwili. Huko akakutwa na Stanley, mzaliwa wa Wales, Mselti mwenzake aliyeificha asili yake. Taarifa ya Nyangwe ilifika London na kuongeza nguvu ya madai ya kukomesha biashara hiyo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwezi Juni 1873.

Yeye hakupata habari hiyo. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, watumishi wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa.

Hapo Susi na Chuma wangeweza kumzika na kwenda zao. Hakuna aliyewaamuru vingine. Waliuzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright, aliyesoma India, akasoma sala za maziko. Mwili waliutia chumvi, wakaukausha juani kwa siku 14, wakaufunga kwenye gome la mti na kuubeba. Karibu na Tabora Waingereza waliwashauri wauzike hapohapo, wakakataa. Baadaye, kwa kuwa wenyeji waliogopa kupitisha maiti, waliufunga upya kama mtumba wa nguo. Halima, mpishi wake, alikuwa katika msafara huo. Walitembea miezi tisa.

Mwezi Februari 1874 walifika Bagamoyo, katika misheni iliyokuwa na kijiji cha watumwa waliokombolewa. Mapadre walimfungulia Mprotestanti huyo mlango wa kanisa, akalala humo kabla ya kuvushwa Zanzibar. London walimtambua kwa ule mfupa uliovunjwa na simba. Alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Kati ya wachukuzi, ni Wainwright peke yake aliyekuwapo. Wengi wa wale waliombeba walilipwa ujira wao pwani wakatawanyika. Susi alibatizwa miaka mingi baadaye, mwaka 1886, akachagua jina la David.

Ukihesabu ubatizo, Livingstone alivuna kidogo mno. Lakini watu aliokataa kuwalazimisha walimbeba kwa hiari yao, na baadhi yao walimfikia Kristo kwa wakati wao. Mseminari atakayetumwa kesho kwenye parokia ngumu ayafikirie hayo. Na sisi wa Manzese, tunaopanga nyumba moja na Waislamu na Walokole, tukifika tena Bagamoyo tuwaombee wote waliolala njiani kwa miezi tisa, ambao majina yao hayako kwenye mnara.