Henry Le Chatelier: Mtu Aliyeupa Moto Mizani

Kisu, shoka na nanga twavitumia kila uchao, na aghalabu sifa zote twampa mhunzi aliyevifua. Sifa hizo ni haki yake. Lakini leo nataka nisimulie maisha ya mtu ambaye hakuwa mhunzi, naye aliwafaa wahunzi wa dunia nzima. Mtu huyo ni Mfaransa Henry Le Chatelier.

Kwanza na tuifahamu shida iliyokuwapo. Feleji haipati ugumu wake kwa nyundo peke yake. Hutiwa motoni mpaka ivuke nyuzi 730 hivi za Selsiasi, kisha huchovywa ghafla katika maji au mafuta. Ikitolewa kabla ya kufika hapo, hubaki laini wala haishiki makali. Ikipitishwa mno, chembe zake hukua, nayo huvunjika kama chungu. Hata ikifaulu, yafaa irudishwe kwenye moto mdogo wa nyuzi mia mbili au mia tatu, ili ugumu wake upunguzwe kidogo isiwe nyepesi kukatika.

Kwa karne nyingi kazi yote hiyo ilipimwa kwa jicho. Fundi alitazama wekundu wa chuma, akaamua. Wahunzi hupenda kufanya kazi kivulini, wala si kwa kuogopa jua tu, bali kwa sababu chuma kile kile kikitazamwa juani huonekana kimefifia kuliko kikitazamwa gizani. Mimi nalistahi sana jicho la fundi hodari. Ni hazina, lakini ni hazina isiyorithika kwa urahisi. Fundi akifa bila mwanafunzi aliyekaa naye miaka, huzikwa nayo.

Le Chatelier alizaliwa mjini Paris tarehe 8 Oktoba, 1850. Baba yake, Louis, alikuwa mhandisi wa machimbo na reli, na mmoja wa waliosaidia kuanzisha kazi ya aluminiamu nchini Ufaransa. Nyumba hiyo haikutoa mwanachuoni mmoja tu. Mdogo wake Henry, aitwaye Alfred, alikuwa askari, kisha akawa mwalimu wa mambo ya jamii za Kiislamu katika Collège de France, na mwaka 1906 akaanzisha jarida la kuuchunguza ulimwengu wa Waislamu.

Henry aliingia École Polytechnique mwaka 1869. Vita vya Ufaransa na Prussia vya mwaka 1870 vilimkatizia masomo, lakini baadaye aliendelea katika chuo cha machimbo, École des Mines, na mwaka 1877 akarudi chuoni humo kuwa mwalimu. Wanafunzi wa kemia hata leo wanamjua kwa kanuni yake ya mizani ya kemikali, aliyoitangaza mwaka 1884. Mimi nataka kueleza jambo jingine.

Pamoja na mwenzake Ernest Mallard, alichunguza milipuko ya gesi katika machimbo ya makaa, balaa iliyokuwa ikiwaua wachimbaji chini ya ardhi. Akachunguza pia saruji, vipi huchomwa na vipi hushika. Kila alikogeuka alikutana na swali lile lile: moto huu una joto kiasi gani? Kipimajoto cha zebaki hakikumfaa, maana zebaki yenyewe huchemka kwenye nyuzi 357. Mfinyanzi Mwingereza Josiah Wedgwood alikuwa ametumia tangu mwaka 1782 vipande vya udongo vinavyosinyaa tanurini, lakini hesabu zake zilikuwa mbali na ukweli.

Kulikuwa na njia nyingine. Mwaka 1821 Mjerumani Seebeck alikuwa amegundua kwamba nyaya mbili za metali mbalimbali zikiungwa, na kiungo kikatiwa moto, umeme mdogo hupita. Mtaalamu mkubwa wa Ufaransa, Regnault, aliijaribu njia hiyo, akaona majibu yake hayaaminiki, akaikataa. Kauli ya mkubwa ilitosha, na wengi wakaiacha.

Hapa ndipo ninapomwona Le Chatelier alivyokuwa. Hakukitupa kifaa, wala hakumtukana aliyemtangulia. Aliuliza kosa linatoka wapi. Akaona kwamba kosa lilikuwa katika nyaya: chuma na metali nyingine zilizotumika hazikuwa na tabia moja toka mwanzo wa waya hadi mwisho. Basi akachukua waya mmoja wa platini tupu, na wa pili wa platini iliyochanganywa na rodiamu sehemu 10 kwa mia. Nyaya hizo zikasema neno moja kila zilipoulizwa.

Hata hivyo hakutosheka kuona mshale ukicheza. Alikipima kifaa chake kwa mashahidi wasiohongeka: maji yachemkayo kwa nyuzi 100, salfa ichemkayo karibu na nyuzi 445, na dhahabu, ambayo leo twajua huyeyuka kwa nyuzi 1064. Dhahabu safi ya Paris na dhahabu safi ya Lamu huyeyuka kwa joto moja, haidhuru sonara ni nani. Hivyo fundi wa mji mmoja akaweza kumwandikia fundi wa mji mwingine kiasi cha moto wake, na yule akauwasha sawasawa.

Matunda yake yalionekana upesi. Mwenzake Floris Osmond alikitumia kifaa hicho kuonyesha kwamba chuma hubadilika ndani yake kwenye joto maalumu, na kwa hiyo ikajulikana kwa nini kuchovya kunafaa hapa na hakufai pale. Mwaka 1892 Le Chatelier alitoa pairomita nyingine, ya kutazamia: mtu husimama mbali, akalinganisha mng'ao wa tanuri na mwali wa taa kupitia kioo chekundu. Aliunda pia hadubini ya kutazama chuma kutoka chini, na mwaka 1904 akaanzisha jarida la elimu ya metali.

Hakuwa mtu asiyeshindwa. Mwaka 1901 alijaribu kuunda amonia kwa nitrojeni na haidrojeni. Hewa ikaingia katika mtambo, ukalipuka, na msaidizi wake akaponea chupuchupu. Akaiacha kazi ile, na baadaye Mjerumani Fritz Haber akafaulu. Le Chatelier hakuficha. Aliliandika kuwa kosa kubwa la maisha yake ya elimu. Mtu aliyezoea kupima moto kwa haki alijipima mwenyewe kwa mizani ile ile.

Alifariki tarehe 17 Septemba, 1936, akiwa na umri wa miaka 85. Nyaya zake za platini na rodiamu zilitumika kuweka sehemu ya kipimo cha joto cha kimataifa tangu mwaka 1927 hadi 1990, na hata leo zimo ndani ya matanuri ya viwanda.

Wako wanaosema kwamba mashine huja kumdhalilisha fundi. Mimi sioni hivyo katika kisa hiki. Le Chatelier hakuliziba jicho la mhunzi, bali aliyaandika kwa tarakimu yale ambayo jicho hilo lilikuwa likiyajua bila ya kuweza kuyasema. Kijana wa leo anayejifunza kazi ya chuma na ajifunze yote mawili, rangi na nyuzi, ili atakachokijua kisizikwe naye.