Tipo-Tipo wa Kasongo: kiongozi aliyeona mbali, na wale aliowaacha nyuma



Wakati huu komite za vijiji zinajitayarisha kuchagua viongozi wapya, na karibu kila fasi tunapopita watu wanatuuliza: kiongozi mwenye maono tutamtambua kwa nini? Semina zinajibu kwa orodha: awe na ndoto, awe na ujasiri, ajue kusema na watu. Ni kweli. Lakini inchi yetu ilishapata mtu aliyekuwa na hayo yote, tena kwa wingi, na watu wetu walilia. Kwa hiyo tumeona vizuri tueleze maisha yake.

Tunajua jina hili linauma. Kati yetu kuna familia ambazo mababu wao walifungwa kamba na Matambatamba. Kuna zingine ambazo mababu wao walikuwa Wangwana, wenye kubeba bunduki kwa upande wake. Leo wote tunakaa kwenye barza moja ya chama. Hatuandiki juu ya kufufua kesi za zamani. Tunaandika ili tujifunze.

Kijana wa Unguja

Jina lake la kweli ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Alizaliwa Zanzibar karibu na mwaka 1837, mtoto wa mfanyabiashara aliyekuwa na makao Tabora. Alianza biashara angali mtoto, na alipofika karibu miaka 18 alifuatana na baba yake bara, akavuka ziwa Tanganyika. Jina la Tipo-Tipo, au Tippu Tip kama vitabu vinavyoandika, mwenyewe alisema lilitoka kwenye mlio wa bunduki zake.

Hakuanza na mali mingi. Alikopa bidhaa kwa matajiri wa Zanzibar, zaidi kwa Mhindi Taria Topan, na watu wakamwamini kwa sababu alikuwa analipa deni. Karibu na mwaka 1870 alitoka tena kwenda bara, na hakurudi Zanzibar mpaka mwaka 1882. Miaka 12 hivi njiani! Kwa mtu wa biashara, uvumilivu wa namna ile ni nadra. Wengine walinunua pembe za tembo kidogo wakarudi haraka. Yeye alielewa kwamba mali iko mbali zaidi, upande wa Lualaba na Lomami, fasi ambayo pembe zilikuwa bado nyingi na bei yake ndogo. Ulaya na Amerika walizitaka kwa kutengeneza vidude vya piano na mipira ya biliadi.

Ukoo wa kujitungia

Namna alivyopata utawala ni jambo la kufikiri sana. Huko njiani alisikia habari za shefu mzee wa Utetela, Kasongo Rushie, ambaye zamani dada yake alitekwa vitani akapotea. Hamed akashika habari ile, akaichunguza majina yake vizuri, kisha akafika kwa mzee na kujitambulisha kuwa mjukuu wa yule dada. Mzee alifurahi, akamwachia utawala pamoja na pembe. Kisa hiki tunakijua kwa sababu mwenyewe alikisimulia katika kitabu cha maisha yake, alichoandika kwa Kiswahili akiwa mzee, na wala hakuonyesha haya.

Sisi tuliorudi tunafahamu uzito wa jambo hili. Mtu akikimbia vita miaka mingi, akirudi anakuta mwingine analima shamba lake na kusema hapa ni kwa babu yangu. Tipo-Tipo alikuwa na akili ya kusikiliza kuliko wengi: alijua kilio cha mzee kiko wapi. Ila alisikiliza ili apate mlango wa kuingilia. Kiongozi anayejua shida za watu wake si lazima awe anawapenda. Ni vizuri kuangalia anatumia shida zile kwa kazi gani.

Kasongo ya wakati ule

Karibu na mwaka 1875 alikaa Kasongo, na ndugu zake na wafanyabiashara wengine wakamkubali kuwa mkubwa wao. Mji wa wakati ule ulikuwa Tongoni, si fasi mji ulipo leo. Kulikuwa na nyumba kubwa, miti ya matunda na mashamba makubwa ya mpunga. Mchele ambao Maniema inajulikana nao mpaka leo, na Kiswahili hiki tunachoandika, vilienea huku na watu wale. Njia ya misafara ilitoka Kasongo, ikapita Kabambare, ikaenda ziwani mpaka Ujiji, kisha Tabora na pwani. Kwenye vita vya miaka hii, wengi wetu pia tulikimbilia upande huohuo wa ziwa, watoto mgongoni.

Wazungu walimhitaji. Mwaka 1874 alimsaidia Cameron. Mwaka 1876 Stanley alimwahidi dola 5000 ili amsindikize kwa siku 60 za mwendo kufuata Lualaba. Mwaka 1887 alikubali kuwa wali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, akitumikia mfalme Leopold II wa Ubelgiji kwa mshahara wa kila mwezi. Alizunguka na meli kupitia kusini mwa Afrika mpaka mdomo wa mto Kongo ili akashike kazi ile.

Tukiishia hapa, huyu ni kiongozi wa mfano: amepanga, amesubiri, amezungumza na kila upande. Lakini ni nani aliyelima mpunga ule? Ni nani aliyebeba pembe zile mpaka ziwani? Walikuwa watu waliotekwa katika vijiji, Wabangubangu, Wazimba, Wakusu, Wasonge na wengine. Vijiji vilivyokataa vilichomwa moto. Wengine walikufa njiani, na majina yao hayakuandikwa kwenye kitabu chochote. Mradi wake ulikwenda vizuri kwa sababu gharama yake ililipwa na watu ambao hakuna aliyewauliza kama wanakubali.

Alipoona mvua inakuja

Hapa ndipo tunapotaka kukazia. Tipo-Tipo aliona mapema kwamba dunia inageuka. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ulishakatia Leopold inchi hii, na sultani wa Zanzibar hakuwa na nguvu ya kuizuia. Alielewa kwamba vita na Wazungu haitawezekana. Mwaka 1890 akaondoka, na mwaka uliofuata akafika Zanzibar, fasi alipokuwa na nyumba na mashamba. Aliokoa maisha yake na mali yake.

Kasongo alimwacha mtoto wake Sefu pamoja na wakubwa wengine ambao kila mmoja alikuwa na watu wake na bunduki zake. Hakukuwa na sheria inayowaunganisha, wala baraza ambalo wote wanalisikiliza. Kilichowashikamanisha kilikuwa yeye mwenyewe, na yeye ameenda. Mwaka 1892 vita ikawaka na majeshi ya Leopold. Ngongo Lutete, mtu aliyeinuka kutoka utumwani akawa mkubwa wa vita wa Tipo-Tipo, alihamia upande wa Wazungu. Machi 1893 Nyangwe ikaanguka, na Kasongo ikafuata tarehe 22 Aprili. Septemba ya mwaka uleule Wazungu wakamwua Ngongo Lutete, ijapokuwa aliwasaidia. Oktoba Sefu akauawa. Januari 1894 Kabambare nayo ikakamatwa.

Kazi ya miaka karibu 20 ilikwisha kwa muda usiofika miaka miwili. Raia hawakupata uhuru, maana utawala wa Leopold uliwaletea kazi ya nguvu ya pembe na mpira. Tipo-Tipo alisikia habari zile akiwa Zanzibar. Alikufa pale Juni 1905, kitandani kwake, na nyumba yake ingali inaonyeshwa kwa wageni. Tongoni imebaki mahame.

Tunachukua nini kwa chama chetu

Tunajua wasomaji wengine watasema: nyinyi mnalinganisha komite ya mbegu na mbuzi na dola ya Matambatamba? Hapana. Ukubwa si mmoja. Lakini tabia inaweza kuwa moja, na tunaiona nyanjani. Kuna fasi ambapo mtu mmoja ndiye anajua namba ya wafadhili, ndiye anashika daftari, ndiye anaandika majina ya wenye kusaidiwa. Ana akili, ana bidii, anaona mbali. Siku akiondoka kwenda mjini, kikundi kinalala. Na vita inapokaribia, wa namna hii wanapata habari mbele ya wengine, wanasafirisha familia zao, kisha kijiji kinashtukia risasi.

Kwa hiyo, kabla ya kupiga kura, tunaomba kila komite iulize mambo manne juu ya kila mgombea. Mipango yake italipwa na nani: kwa jasho la hiari, au kwa kulazimisha wajane na vijana? Anayosema juu ya asili yake na kazi zake za nyuma, nani anaweza kuyashuhudia? Akipata habari ya hatari, atamwambia nani kwanza? Na akiondoka kesho, ni watu wangapi wanaojua kazi yake: daftari liko wapi, feza ziko ngapi, shamba la chama limepakana na nani?

Kwa wafadhili wetu tuna ombi dogo. Mara nyingi mnapendelea kuzungumza na mtu mmoja anayejua kusema vizuri. Stanley na Leopold nao walifanya hivyo. Mkifika kutembelea, ombeni kuketi na komite nzima, pamoja na wanawake wanaolima, na mwulize mtunza feza msaidizi aonyeshe daftari yeye mwenyewe. Itachukua saa moja zaidi.

Barua na maoni yenu tutayapokea kwenye ofisi zetu zote mbili, Kasongo na Kabambare. Wenye wazee wanaokumbuka masimulizi ya mababu zao juu ya wakati ule, upande wowote ule, tunawaomba watuite. Tutakuja kuandika kabla wazee hawajatuacha.