Padri Owen, mpenda mawe aliyewatetea wenye mashamba Kakamega

Mke wangu ni Mwisukha wa Ikolomani, kaunti ya Kakamega, nami ni mtu wa Rabai. Kila Desemba tunapanda basi Mombasa kwenda kuwaona wazee. Safari yetu ya mwisho nilimkuta baba mkwe hana raha. Kampuni za dhahabu zimerudi na mitambo ya kuchoronga, na kijijini habari ni moja tu: huenda watu wakahamishwa. Shamba lake halifiki ekari tatu. Wazazi wake wamezikwa hapo mbele ya nyumba, na mtoto wake mmoja pia.

Akaniuliza: nyinyi watu wa pwani mlichimbiwa titani kule Kwale mpaka ikamalizika Desemba 2024, je, waliohamishwa walipata nini? Mkwe hasemi mengi mbele ya baba mkwe. Nilimjibu nijualo, nikaona jibu langu ni fupi kuliko swali lake. Ndipo mzee akamtaja Padri Owen, ambaye babake alizoea kumsimulia. Jina hilo nilikuwa nimelisikia kanisani, lakini habari zake sikuzijua. Niliporudi nikazitafuta, na leo ningependa nikusimulie, msomaji, kwa sababu zinatuhusu na sisi huku.

Walter Edwin Owen alitumwa na CMS, chama kile kile cha wamisionari kilichomleta Krapf Mombasa mwaka 1844 na baadaye kwetu Rabai. Alifika Uganda mwaka 1904. Mwaka 1918 akafanywa shemasi mkuu wa Kavirondo, jina ambalo Waingereza waliliita eneo lote la Waluo na Waluhya kandokando ya Ziwa Victoria. Alifanya kazi Maseno, na baadaye Ng'iya, na Kakamega ilikuwa ndani ya eneo lake. Cheo hicho alikaa nacho takriban mpaka alipofariki mwaka 1945.

Alikuwa na mapenzi makubwa na mawe. Akitembelea makanisa ya mashambani, macho yake yalikuwa kwenye makorongo na kingo za mito, akiokota vifaa vya mawe vya watu wa kale na visukuku, yaani mifupa iliyogeuka mawe. Mwaka 1933 aligundua visukuku katika kisiwa cha Maboko, kwenye ghuba ya ziwa karibu na Kisumu. Wataalamu waliofuata walitoa hapo mabaki ya nyani wa kale walioishi miaka ipatayo milioni 15 iliyopita, na mpaka leo Maboko inajulikana duniani kote kwa wanaosoma habari za viumbe wa kale.

Huko Siaya, mahali paitwapo Urewe, alikusanya vigae vya vyungu vyenye kibonyeo kidogo kitakoni. Kitabu juu ya vyungu hivyo kilitoka mwaka 1948, yeye akiwa amekwishakufa, na jina lake liliwekwa pamoja na ya Mary na Louis Leakey. Sasa sikiliza, mtu wa pwani. Katika miaka ya 1960 mtaalamu Robert Soper alichimba Kwale, akapata vyungu vya karne ya 3. Wataalamu wanaviweka vyungu vya Kwale katika ukoo mmoja na vile vya Urewe. Kumbe zamani sana, kabla hatujaanza kuitana watu wa bara na watu wa pwani, ufundi wa chungu ulikuwa umekwishatuunganisha. Aliyeufungua ukurasa huo ni padri mwenye kanzu ya kanisa na matope viatuni.

Turudi kwenye dhahabu. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kulinda ardhi za Waafrika. Sheria hiyo iliahidi kwamba ardhi zilizotengewa makabila zitakuwa zao milele. Serikali ikihitaji kipande, ilipaswa kwanza kulishauri baraza la wenyeji, kisha kuwapa watu ardhi nyingine ya ukubwa na thamani sawa. Wazee waliambiwa walale, watu wao wako salama.

Mwaka uliofuata, 1931, dhahabu ikaonekana Kakamega. Wazungu walimiminika, wengi wao wakulima waliokuwa wameanguka bei za mazao, na kwa muda mfupi wakafika kiasi cha elfu moja. Serikali ikamwita Sir Albert Kitson, mwanajiolojia aliyepata sifa Afrika Magharibi, apime miamba. Miamba ya Kakamega ni ya kale mno, zaidi ya miaka milioni 2,500, na dhahabu yake imekaa ndani ya mishipa ya mawe meupe ya kwatzi inayopita katikati ya miamba hiyo. Anayeitafuta hana budi kuufuata mshipa popote uendapo, hata ukipita chini ya mahindi ya mtu au chini ya kaburi. Basi mitaro na mashimo yakachimbwa katikati ya mashamba, na mengi yakaachwa wazi.

Mwezi Desemba 1932 serikali ikaibadilisha sheria yake yenyewe. Ardhi ya kuchimbwa ingeweza kutwaliwa bila kutoa ardhi nyingine badala yake, mtu akalipwa fedha, na baraza la wenyeji si lazima lishauriwe kwanza. Ile milele iliyoahidiwa haikumaliza hata miaka mitatu.

Hapo ndipo Owen aliposimama. Aliandika barua kwa wakubwa na katika magazeti ya Uingereza, hasa Manchester Guardian, akieleza kwamba ahadi imevunjwa. Tume ya ardhi ilipokuja kusikiliza watu, aliwasaidia wenyeji kuandika na kupeleka malalamiko yao. Kule London kelele zikapanda, na hata Lugard, aliyekuwa mkubwa wa ukoloni, akapinga hadharani. Sheria haikurudishwa, na uchimbaji uliendelea. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifanya kazi kuanzia mwaka 1935 mpaka ukafungwa mwaka 1952. Lakini wakubwa hawakuweza tena kusema kwamba hawakuambiwa.

Kelele hizo hazikuwa za kwanza kwake. Alikwisha kupinga kazi za lazima, na wanawake na watoto kutumikishwa katika ujenzi wa barabara. Walowezi walimchukia hata wakakigeuza cheo chake kwa mzaha, wakamwita mkuu wa mapepo wa Kavirondo.

Nisimpake mafuta kupita kiasi. Mwaka 1923 vijana wa Kiluo na Kiluhya walipokuwa na chama chao chenye moto wa siasa, Owen alikubali kuwa rais wao, kikageuka kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo. Wanachama walihimizwa kupanda miti, kuchimba vyoo, kuua panya na kutunza maji safi. Hayo ni mema, na mtu anayejali mazingira leo hawezi kuyadharau. Lakini wako waliosema, na wangali wapo, kwamba aliumwagia maji moto wa vijana, na kwamba alipenda sauti ya Mwafrika ipitie kwenye mdomo wake yeye. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Alikuwa mtoto wa zama zake.

Hata hivyo kuna jambo moja kwake ambalo limenikaa moyoni. Kama kuna mtu ambaye angeweza kufurahia mashimo ya Kakamega, ni yeye. Kila mtaro ulikuwa unafungua tabaka za udongo ambazo macho yake yalikuwa na kiu ya kuziona. Lakini alijua kwamba elimu ya kilicho chini haimfuti aliyeko juu. Jiolojia inaweza kutuambia dhahabu iko wapi na ni kiasi gani. Haiwezi kutuambia kama ni haki kumwondoa bibi kizee kwenye kaburi la mwanawe.

Swali hilo Biblia imelijibu zamani. Katika kitabu cha Mwanzo mtu aliwekwa bustanini ailime na aitunze, yote mawili pamoja. Katika Mambo ya Walawi Mungu anasema ardhi ni yake, sisi ni wapangaji tu. Na habari ya Nabothi tunaijua sote: mfalme Ahabu alimwahidi shamba bora zaidi au fedha, Nabothi akakataa kwa sababu ni urithi wa baba zake, na mwisho wake tunaujua. Ndugu zetu Waislamu nao wanafundishwa kwamba mwanadamu ni khalifa katika ardhi, na khalifa huulizwa hesabu. Katika hili hatuna tofauti.

Leo tuna Katiba, na tuna Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inayosema kwamba katika mrabaha wa madini asilimia 70 iende kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya pale. Ni afadhali kuliko mwaka 1932. Lakini sheria iliyoandikwa yaweza kuandikwa upya, na Kakamega ndiyo shahidi. Watu wa Mrima kule Kwale, wenye msitu wao wa kaya juu ya kilima chenye madini, wasikie hadithi hii na kuiweka akilini. Kikao kikiitwa, nendeni. Mkiahidiwa jambo, liandikwe, na nakala ibaki kwenu.

Niliyoyasoma nimempigia simu baba mkwe nikamweleza. Alinyamaza kitambo, kisha akaniagiza nije mapema Desemba hii. Anataka ahesabu miti yake, makaburi yake na chemchemi inayopita nyuma ya shamba, yote yaandikwe kwenye karatasi kabla hajaitwa na mtu yeyote. Hati yake si nzuri, macho yamechoka. Mwandishi nitakuwa mimi, na maneno yatakuwa yake.